Mkono wa Elias

Wanaume wanne walikuwa wamemlalia Elias juu ya meza ya kuchagulia matunda, na bado alikuwa akisali. Hakupiga kelele, hakutukana, hakumwita mama yake. Alisali kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani juu ya ua, akimweleza Mungu kwamba hakukubali, kwamba hawa waliomshika ni watu anaowajua, na kwamba wasihesabiwe. Marakuja yalikuwa yamepondeka chini ya mgongo wake, na maji yake ya manjano yalitiririka ukingoni mwa meza yakidondokea viatu vya Venansi.

Venansi ndiye aliyeshika mkono wa kulia. Alikuwa mlinzi mkuu wa kiwanda kile cha juisi pembezoni mwa Gitega, mjane wa miaka hamsini na miwili, mwenye shingo nene na viganja ambavyo watoto wa kwao Giheta waliviita majembe. Kazi ya kushika watu aliijua tangu ujana wake katika kambi ya wakimbizi kule Tanzania, alipokuwa kwenye doria ya sungusungu. Alijua pa kuweka goti na pa kukunja kiwiko hata mtu mwenye nguvu za fahali akatulia. Na Elias hakuwa fahali. Alikuwa mwosha matunda, mwembamba, mwepesi wa kucheka, aliyekulia kambi ileile. Walirudi Burundi katika lori moja, kila mmoja ameketi juu ya godoro la mwenzake.

Mambo yalianza kwa karatasi iliyobandikwa ukutani. Wanunuzi wa nje walitaka kila anayegusa tunda apimwe damu na achanjwe dhidi ya homa ya matumbo. Wafanyakazi zaidi ya mia walikunja mikono ya mashati yao, wengine wakicheka, wengine wakifumba macho. Wakabaki tisa. Hao tisa walikuwa wa kikundi kimoja cha maombi, chenye mizizi Muyinga na matawi kwenye vilima vya Giheta. Kwao ngozi ilikuwa mlango ambao Mungu aliufunga kwa mkono wake mwenyewe, na chuma chochote kinachoufungua kwa makusudi humkaribisha asiyealikwa. Hawakuwatoboa masikio binti zao. Wakiugua walifunga na kuomba. Wapo waliopona, wapo waliozikwa, na waliosalia waliendelea kuimba.

Elias alikuwa amemwendea mkurugenzi kwa unyenyekevu, kofia mkononi. "Bwana direkta, nitoe kwenye matunda. Nipe kufyeka nyasi, nipe kubeba makreti. Kile kinachoingia kinywani mwa watu sitakigusa." Nadia, nesi wa kiwanda, binti wa Kiislamu kutoka Muyinga, alimwunga mkono na hata akaliandika ombi hilo kwa mwandiko wake. Lakini Urbano, mkurugenzi, alikuwa mtu aliyeona kila ombi kama ufa katika ukuta. "Leo sindano," alisema, "kesho watasema sabuni ina mashetani." Wakaguzi walitarajiwa siku ya Alhamisi. Jumatano asubuhi akaamuru lango lifungwe, wanane wasukumwe ndani ya ghala la makreti, na wa tisa aletwe mezani awe mfano.

Nadia aliletwa pia, na trei yake. Aliinama karibu na uso wa Elias kana kwamba watu wale wanne hawakuwapo.

"Elias, unakubali?"

"Sikubali, dada."

Akainuka. Akairudisha sindano kwenye trei, taratibu. "Direkta, mi siwezi. Mtu amekamatwa hivi siyo mgonjwa wangu."

"Basi nitamchoma mwenyewe," Urbano akasema, na kuichukua. Kisha, bila kumtazama: "Venansi, nyoosha huo mkono."

Venansi akaunyoosha. Katika maisha yake alikuwa amenyoosha mikono mingi, na daima alijiambia kwamba mkono unaoshika si mkono unaoamuru, kwamba dhambi, kama ipo, hupanda juu kwa mwenye sauti kama moshi upandavyo darini. Ncha ya sindano ikagusa ngozi. Hapo Elias, aliyekuwa ametulia wakati wote ule, akaruka. Mwili wake wote ukawa samaki. Na mwili wa Venansi ukafanya ulichofundishwa kufanya miaka thelathini iliyopita: ukapindua, ukakandamiza, ukamaliza.

Mlio ulikuwa mdogo, kama muwa unapovunjwa gotini. Kati ya kiwiko na kifundo, kitu cheupe kilitokeza, kikameremeta, kisha damu ikakifunika. Sindano ilikuwa imeanguka sakafuni, haijaingia. Elias aliutazama mkono wake. Akamtazama Venansi, na usoni mwake hamkuwa na chuki, mlikuwa na mshangao tu.

"Kaka Venansi," alisema. "Umefungua."

Kilichofuata kilikwenda mbio. Nadia alimsukuma Venansi kifuani, akavua ushungi wake akaufunga mkono ule kwa vipande vya katoni, akipaza sauti iletwe gari. Elias alitikisa kichwa: hospitali hapana. Wale wanane waliposikia, walivunja mlango wa ghala kwa mabega. Makreti yaliruka. Mlinzi mmoja alipoteza meno mawili, mwingine alipasuliwa sikio kwa chupa, na mwanamume mmoja wa maombi alikanyagwa tumboni hata akatapika damu kando ya mizani. Urbano alijifungia ofisini. Kulipotulia, wanane wale walikuwa wamembeba wa tisa na kutoka naye langoni, na hakuna aliyethubutu kuwauliza waendako. Alasiri hiyo Nadia aliambiwa asirudi tena kazini, kwa kuwa amegomea amri. Akafunga nguo zake, akaenda kwa baba yake Muyinga.

*

Siku ya tatu, jua likiwa limeinama juu ya migomba, Elikana alikuja nyumbani kwa Venansi. Elikana alikuwa mdogo wake Elias, kijana wa miaka thelathini, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo. Nyuma yake walisimama wanaume wawili. Mmoja alibeba kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye gunia, na Venansi hakuhitaji kuambiwa ni panga.

"Mzee wangu," Elikana alisema, "hatukuja kunywa maji."

"Nimeona."

"Mkono unanuka. Usiku kucha anaongea na mama, na mama alikufa tukiwa kambini." Akamtazama mwenye gunia. "Tunajua walioshika. Mlikuwa wanne, na wewe tunakujua tangu lori. Mtumwa hubeba alichotwikwa. Nauliza jambo moja tu: nani alitwika? Nani alisema Elias achomwe kwa nguvu?"

Swali lilikuwa jepesi na jibu lilikuwa moja. Lakini katika muda wa kupepesa jicho Venansi alipita njia zote. Akimtaja Urbano, watu hawa wangekwenda kwenye nyumba yenye ukuta na walinzi, na walinzi wale walikuwa watu wake. Kesho yake kazi ingekwisha, na pengine yeye mwenyewe angelala gerezani. Akisema ule mkono uliopindua haukuamriwa kupindua, gunia lingefunguliwa palepale uani. Akatafuta mtu wa mbali, asiye na ndugu pale kilimani.

"Nesi," akasema. "Yule Mwislamu. Yeye ndiye mwenye sindano, yeye ndiye alisema lazima."

Neno lilimtoka kama punje imponyokavyo mwanamke apepetaye, bila uzito, bila mlio.

Elikana aliinamisha kichwa. "Wa Muyinga," alisema polepole. "Muyinga tuna ndugu wengi." Kisha akafanya jambo ambalo Venansi hakulitarajia. Akampa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akakishika kiwiko chake mwenyewe, kama mtu aliyelelewa vizuri amsalimuvyo mkubwa. "Asante kwa kusema kweli, mzee wangu. Wengine wangetudanganya."

Walipoondoka, Venansi alibaki amesimama pale pale, kiganja kimefunguka, kana kwamba kuna kitu kimewekwa humo na hajui pa kukitua. Aliiba usingizi kidogo, ukamkimbia. Alijaribu kujiambia kwamba maneno si rungu. Lakini alikuwa mlinzi. Alijua kwamba hakuna rungu lililowahi kumpata mtu kabla ya neno kulitangulia. Alimwona Nadia akiinama: Elias, unakubali? Katika umati mzima wa siku ile, ni yeye peke yake aliyeuliza.

Kulipopambazuka alikuwa kwenye kituo cha magari Gitega. Petroli ilikuwa imeadimika majuma matatu. Magari yalilala kwenye foleni kama ng'ombe wagonjwa, na madereva walilala juu ya usukani. Saa moja ikapita, saa mbili, saa tatu. Elikana na wenzake, aliambiwa na mchuuzi wa karanga, walikuwa wameondoka kwa pikipiki kabla ya jua. Lilipopatikana gari la Muyinga aliingia kwa kiwiko, akakaa mlangoni, na njia nzima kupitia Karuzi alikaza miguu kana kwamba ni yeye anayelisukuma gari lipande vilima.

*

Ilikuwa siku ya soko. Kila aliyemwuliza alimfahamu Hussein, fundi cherehani, baba yake Nadia: nyuma ya soko, kwenye baraza ndefu ya mafundi, mlango wenye pazia la kijani. Venansi hakuhitaji kulitafuta pazia. Vishindo vilimwongoza.

Wanaume watano walikuwa barazani. Cherehani ilikuwa imepinduliwa, na gurudumu lake lilikuwa bado likizunguka. Mzee Hussein alikuwa chini, mguu wa mtu mmoja ukiwa juu ya shingo yake, kofia yake ndani ya mfereji. Wawili walikuwa wamemgandamiza Nadia ukutani na kuunyoosha mkono wake wa kulia juu ya kizingiti cha dirisha, na mbele yao alisimama Elikana, mpini wa jembe mikononi. Pigo la kwanza lilikuwa limekwisha kushuka. Mkono ulikuwa na pembe pasipostahili pembe. Nadia hakuwa akilia. Alikuwa akipumua haraka haraka kwa mdomo, macho yamemtoka.

"Mkono kwa mkono," Elikana alikuwa akisema, machozi yakimchuruzika. "Hatuchukui zaidi. Mungu ni shahidi, hatuchukui zaidi." Na akauinua mpini tena, kwa maana pigo la kwanza halikuifungua ngozi.

Venansi aliwafikia kwa hatua nne. Wa kwanza alimpiga kooni kwa ubavu wa kiganja, akakaa chini akitafuta pumzi. Goti la wa pili alilikanyaga kutoka kando, likaitika. Mpini ulimpata begani na hakuhisi kitu. Akamkamata Elikana ukosi, akamgonga kichwa kwenye mhimili wa mlango, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, hata ngozi ya paji ikapasuka na damu ikamtapakaa kama pazia. Na katikati ya kazi ile, aibu iliyoje, alijisikia mwepesi. Alijisikia safi. Mikono yake ilikuwa ikifanya ilichojua, na kwa mara ya kwanza kwa siku nne ilikuwa upande wa haki.

Kelele zililiamsha soko. Walikuja wauza nyama na visu vyao, waendesha baiskeli za abiria, wanawake wenye mawe kwenye vitenge. Mtu asiyejua lolote alipaza sauti, "Mwizi!" na neno hilo likawatosha wote. Wanne walikimbia, mmoja akirukaruka kwa mguu mmoja. Elikana hakuweza kukimbia. Wakamvuta hadi katikati ya njia, wakaanza.

Venansi alikuwa ameona watu wakipigwa na umati, lakini mtu husahau jinsi mlio unavyokuwa: si kelele, ni kama watu wengi wanaotwanga. Mateke yaliingia mbavuni. Jiwe liliingia kwenye taya. Petroli ambayo mji mzima uliikosa majuma matatu ilipatikana ghafla, nusu chupa, mkononi mwa kijana mwenye fulana nyekundu, na umati ukampisha kwa heshima.

Nyuma yake, Mzee Hussein alikuwa ameinuka. Midomo ilimvuja damu. Alimshika Venansi mkono kwa mikono yake yote miwili. "We ndiye Mungu ametutumia," alisema. "Sikujui, hunijui. Tangu leo we uko mtu wa nyumba yangu."

Elikana aliinua kichwa kutoka mavumbini. Jicho moja lilikuwa limefumba. Lingine liliwapitia watu wote likaja kutua kwa Venansi, na lilipomtambua likatulia, kama lilivyotulia jicho la kaka yake juu ya meza.

"Muulizeni huyo," alisema. Meno yalikuwa yamejaa damu, maneno yalitoka yamelowa. "Huyo mliyemshika mkono. Ndiye aliyetuambia. Alisema nesi ndiye aliyeamuru."

Mateke yakasimama.

"Anatafuta kuokoa roho yake," mwuza nyama mmoja akasema. "Mwageni."

Venansi alijua kwamba hakulazimika kufanya chochote. Hilo ndilo lililomtisha. Kusema uongo safari hii hakukuhitaji hata neno. Kulihitaji kusimama tu, mkono wake umo ndani ya mikono ya mzee mwenye shukrani, na kuacha kiberiti kiwashwe. Mtu mmoja pekee pale aliyejua angekuwa majivu, naye angerudi Giheta akiwa shujaa wa Muyinga. Akageuka. Nadia alikuwa ameketi ameegemea ukuta, mkono wake umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Alimtazama kama anavyotazama kipimajoto: hakulaumu, hakuomba, alikuwa akisoma tu.

"Ni kweli," Venansi akasema.

Hakuna aliyesikia isipokuwa Hussein, ambaye mikono yake ilikaza.

"Ni kweli!" Sasa alipaza sauti ile ya lango, sauti ya kusimamisha malori. "Acheni! Mimi ndiye niliyevunja mkono wa ndugu yake. Tulimlaza mezani kwa nguvu, watu wanne, kwa sababu ya dini yake. Dada huyu alikataa. Alisema hawezi, akafukuzwa kazi. Kisha huyu kijana akaja kwangu kuuliza, nikaogopa, nikasema ni nesi. Mimi. Kama kuna wa kuchomwa, mmekosea mtu."

Mzee Hussein aliachia mikono yake taratibu, kidole baada ya kidole. Alimtazama usoni kwa muda mrefu kuliko Venansi alivyoweza kuvumilia. Kisha akampiga kofi, kofi la mzee, lisilo na nguvu. Na lile kofi lilikuwa ufunguo. Umati wote ukamgeukia.

Alijua namna ya kujikinga. Alijua kukunja kichwa, kuweka mgongo ukutani, kuchagua mmoja wa kumvunja ili wengine wasite. Mikono iliinuka yenyewe, naye akairudisha chini. Ndicho kilikuwa kitu kigumu kuliko vyote alivyowahi kufanya kwa nguvu zake: kuishusha mikono na kuiacha pale. Ubao ulimpata sikioni. Mpini uleule wa jembe ulimpata mbavuni, na safari hii alihisi. Alipoanguka aliona, kati ya miguu ya watu, Elikana akitambaa kwa tumbo kuelekea mferejini, na hakuna aliyemjali. Akasikia sauti ya Nadia ikipasuka, "Baba, inatosha! Waambie inatosha!" Akasikia risasi mbili za polisi zikipigwa hewani, na miguu ikitawanyika kama mvua ikikatika. Kisha hakusikia.

*

Aliamka hospitalini akiwa na mbavu tatu zilizovunjika, jicho moja limefunga, na ulimi ukizunguka mahali palipokuwa na meno. Polisi walikuja, akawapa maelezo yake yote bila kuruka kitu: jina la Urbano, jina lake, siku, meza. Mwandishi wa maelezo alimwuliza mara mbili kama ana hakika. Akaambiwa aripoti Jumatatu.

Mwisho wa wodi hiyohiyo, chini ya ulinzi wa askari mmoja mwenye usingizi, alilala Elikana. Walikuwa wamemshona paji la uso na ngozi ya kichwa akiwa hajitambui, nyuzi kumi na tisa. Alipozinduka alipeleka vidole kichwani, akazigusa moja moja, akageukia ukuta. Kwa siku nzima mabega yake yalitikisika. Hakula, hakumjibu mtu. Siku ya pili, wakati wa chai, wagonjwa walisikia wimbo mwembamba ukitoka pembe ile, ukikatika na kuanza upya, kama mtu anayejaribu kipandio cha ngazi kwa mguu mmoja kabla ya kukikanyaga.

Nadia alikuja mchana, mkono umo ndani ya plasta. Alisimama kwanza kwa Elikana. Walizungumza kwa sauti ya chini, kwa muda, na Venansi aliwaona wote wawili wakitazama chini. Kisha akaja kitandani kwake.

"Mkono wa Elias iko namna gani?" aliuliza. Hakumsalimu.

"Ulikuwa unanuka. Ndivyo walivyosema."

"Tangu lini?"

"Siku ya tatu."

Akahesabu kwa midomo. "Labda tutaukata. Labda tutapoteza mkono tu, siyo mtu. Lakini iwe kesho."

"Dada, watakuua. Na hatakubali."

"Kukubali ni kwake, kuuliza ni kwangu." Akageuka kutazama mwisho wa wodi. "Ndugu yake amenipa neno la kumpelekea. Amesema, mwambie nimefunguliwa na kushonwa, na bado naomba, na bado nasikilizwa." Akaegemeza plasta kwenye kitanda. "Mi sijui kama neno hilo litatosha. Lakini mlango wa Elias siujui. We unaujua."

Venansi akaweka miguu sakafuni.

Walisafiri watatu, kwa maana Mzee Hussein alikataa binti yake aende bila yeye. Gari lilikuwa limejaa, na mzee alijikuta amebanwa bega kwa bega na mtu aliyekuwa amemfanya wa nyumba yake kwa muda wa dakika moja. Kutoka Muyinga hadi Gitega, na kutoka Gitega hadi Giheta, hakumwambia neno. Kila gari lilipoyumba, mbavu za Venansi zilimchoma, na kila mara mzee alisogea kidogo, upana wa kidole, bila kumtazama.

Harufu iliwapokea kabla ya nyumba. Uani wanaume na wanawake wa maombi walikuwa wameketi kwenye mikeka wakiimba. Walipoona ushungi wa Nadia na plasta yake, wimbo ulikufa sauti moja baada ya nyingine. Mmoja aliinuka, akaokota jiwe. Vumilia, mkewe Elias, akatokea mlangoni, mwanamke mrefu, macho mekundu, kitenge kimefungwa kifuani kama mtu aliye kazini. Akamtazama yule mwenye jiwe mpaka akaketi.

"Shemeji Vumilia," Venansi alisema. Alizungumza kwa watu wote, kwa kinywa kilichopungua meno. Akawaambia aliyeamuru ni nani, aliyevunja ni nani, aliyekataa ni nani, na aliyedanganya ni nani. Hakuongeza kwamba anaomba msamaha. Alikuwa amelibeba neno hilo tangu Muyinga, na alipofika aliliona dogo mno, kama zawadi ambayo mtu huona haya kuitoa.

Vumilia akasogea kando ya mlango. Alimpisha Nadia. Alimpisha Mzee Hussein, na hata akamwinamia kidogo kwa heshima ya mvi. Venansi alipopiga hatua, mkono wa Vumilia ukaja kuukata mlango kama komeo.

"Wewe hapana."

Akabaki nje. Watu wa mikeka walimtazama, kisha wakaacha kumtazama, jambo lililokuwa baya zaidi. Ndani zilisikika sauti: ya Nadia, fupi, ikisimama mahali pa kuuliza, kisha kimya, kisha sauti nyembamba sana ambayo kwanza hakujua kama ni ya Elias au ya mtoto. Maneno hayakufika. Aliyasikiliza kwa sikio lile moja lililobaki zima, na hayakufika.

Vumilia akatoka na shoka, akaliweka mbele ya miguu yake. Hakumpa mkononi. Kando ya jiko magogo yalikuwa yamerundikwa, mabichi, ya unene wa paja.

"Maji hayajachemka tangu jana," alisema. "Mwenye kupasua mmemvunja."

Venansi aliinama. Mbavu zilipiga kelele, naye akazifungia mdomoni. Akasimamisha gogo la kwanza, akainua shoka, akashusha. Gogo halikupasuka, lilimeza chuma na kukishika. Akalichomoa, akashusha tena. Kwa pigo la tatu gogo likaitika, likafunguka vipande viwili, jeupe, lenye harufu ya utomvu. Akachukua jingine. Jasho lilichanganyika na kitu chenye chumvi zaidi, likamwingia jicho lililovimba.

Ndani ya nyumba sauti zikakatika zote kwa pamoja. Venansi akasimama, shoka hewani, akitega sikio. Upepo ulipita migombani. Hakuna aliyetoka.

"Endelea," Vumilia akamwambia.